Dereva Aliyejua Kusimama: Kumbukumbu ya Jan de Rooy

Dereva wa lori husahaulika upesi. Maishani mwake hupita katika miji mia moja, lakini hakuna mji hata mmoja unaomwita mwanawe. Unga uliomo ghalani, mbao zilizoezekea nyumba na dawa zilizomo hospitalini, vyote vilipitia mikononi mwake, ila anayekula, anayelala na anayetibiwa hawalijui jina lake. Anapoaga dunia, aghalabu huliliwa na jamaa zake, utingo wake na wenzake wachache wa barabarani. Ndiyo maana tanzia iliyotoka nchini Uholanzi tarehe 31 Januari 2024 ilikuwa ya namna ya pekee. Siku hiyo alifariki Jan de Rooy akiwa na umri wa miaka 80, na waliomlilia walikuwa wengi, wakiwemo watu ambao hawakuwahi kumwona ila katika filamu iliyojaa vumbi. Marehemu alikuwa mtu wa malori kwa kazi na dereva wa mbio kwa mapenzi. Ajabu ni kwamba alifikia umaarufu wake wa kazi na wa mapenzi akiwa ndani ya chombo kilekile kimoja, yaani lori.

De Rooy alizaliwa mwaka 1943, Uholanzi ikiwa bado chini ya majeshi ya Ujerumani. Maisha yake aliyaishi katika jimbo la Brabant, kusini mwa nchi hiyo, na kampuni ya uchukuzi ya familia yake ilikuwa na makao katika mji mdogo wa Son, jirani na Eindhoven. Eindhoven yenyewe ni mji wa malori. Hapo ndipo Hub van Doorne alipofungua karakana yake mwaka 1928, na karakana hiyo ikaja kuwa kiwanda cha DAF. Kwa hiyo kijana de Rooy alikulia mahali ambapo malori yaliundwa upande mmoja wa barabara na kupakiwa mizigo upande wa pili. Ni vigumu kusema iwapo aliichagua kazi hiyo au kazi ndiyo iliyomchagua. Mtoto wa nyoka ni nyoka.

Kazi ya uchukuzi ina maadili yake. Mwenye mzigo hamwulizi dereva alikwenda kwa kasi gani. Humwuliza kama mzigo umefika, umefika lini, na umefika mzima. Dereva mwema ni yule anayejua uzito alioubeba na kuuheshimu. Hujua kwamba tani 20 hazisimami pale mtu anapotaka zisimame, bali husimama mbele ya hapo. Hushuka mteremko kwa gia ileile ambayo angepandia. Husikiliza injini kama mama asikilizavyo pumzi za mtoto mwenye homa. Haya yote hayafunzwi kwa maneno. Hufunzwa kwa usiku mwingi usiokuwa na usingizi. De Rooy alikuwa na elimu hiyo kabla ya kuwa na kombe hata moja, na bila kuielewa elimu hiyo, yaliyompata baadaye jangwani hayawezi kueleweka.

Mbio zake za kwanza zilizompa jina hazikuwa za malori. Zilikuwa za magari madogo, katika viwanja vifupi ambavyo nusu yake ni lami na nusu yake ni udongo, ambamo madereva husukumana na kurushiana matope. Gari alilolitumia nalo lilikuwa la kuchekesha. Mwaka 1958 kampuni ya DAF ilikuwa imezindua gari dogo lisilokuwa na gia za kubadilisha. Badala ya giaboksi, gari hilo lilikuwa na ukanda wa mpira uliozunguka baina ya kapi mbili. Kapi moja ikipanuka, nyingine husinyaa, na mwendo hubadilika wenyewe bila dereva kushika kitu. Ufundi huo ulikuwa wa hali ya juu, lakini wananchi waliufanyia dhihaka. Ilisemwa kwamba hilo ni gari la ajuza anayekwenda kanisani. Tena, kwa kuwa ukanda ule haukujali upande, gari liliweza kurudi nyuma kwa kasi sawa na ya kwenda mbele, hata baadaye Waholanzi wakazua mashindano ya kukimbiza magari hayo kinyumenyume.

De Rooy alilichukua gari hilo la kuchekwa akalipeleka uwanjani. Katika miaka ya mwanzo ya 1970 alikuwa akiendesha DAF ambayo magurudumu yote manne yalisukumwa na injini, jambo lililokuwa geni katika mbio za wakati huo. Waliokuja kucheka walijikuta wakipangusa matope nyusoni. Hapa ndipo tabia yake inapoanza kudhihirika. Kuna watu hupenda kushinda kwa chombo bora. De Rooy alipenda kushinda kwa chombo kilichodharauliwa. Huenda ni kwa sababu yeye mwenyewe alitoka katika kazi inayodharauliwa. Mtu aliyezoea kuambiwa asogee pembeni ili magari ya wakubwa yapite hujifunza kuhesabu siku zake.

Siku hizo zilikuja kwa njia ya Afrika. Mwaka 1977 Mfaransa Thierry Sabine alipotea kwa pikipiki yake katika Sahara akiwa mashindanoni, akanusurika kufa kwa kiu. Mtu mwingine angeapa kutorudi tena. Sabine alirudi na wazo. Mwishoni mwa Desemba 1978 aliwaongoza washindani kutoka Paris hadi Dakar, mji mkuu wa Senegali, na mbio za Paris-Dakar zikazaliwa. Kuanzia mwaka 1980 malori nayo yalipewa kitengo chao. Hata hivyo, katika fikra za wengi lori lilibaki kuwa mtumishi. Lilibeba magurudumu ya akiba, mafuta na mafundi. Lilifika usiku wa manane, likawakuta mabwana wamelala, likakarabati magari yao, kisha likaondoka tena. Kwa ufupi, lori jangwani lilifanya kazi ileile lililoifanya Ulaya: kubeba vya watu wengine.

De Rooy alipojiunga na mbio hizo mwanzoni mwa miaka ya 1980, alikataa utumishi huo. Yeye hakutaka kuwa wa kwanza miongoni mwa malori tu. Alitaka lori liwe mbele ya magari. Kwa nia hiyo yeye na mafundi wa Eindhoven waliunda vyombo ambavyo hata leo mtu akiviona pichani hudhani ni mzaha. Mwaka 1984 walileta lori lenye kabini mbili, moja ikitazama mbele na nyingine ikitazama nyuma, na injini mbili. Waholanzi waliliita Jitu la Vichwa Viwili. Msingi wa wazo ulikuwa rahisi. Injini moja haitoshi kulisukuma lori katika mchanga laini kwa kasi ya gari dogo. Basi na ziwe injini mbili, moja kwa magurudumu ya mbele na moja kwa ya nyuma. Miaka iliyofuata umbo likabadilika, kichwa cha pili kikaondolewa, lakini injini mbili zikabaki.

Njia hiyo haikuwa nyepesi. Chombo chenye injini mbili huharibika mara mbili, na jangwani hakuna gereji. Mwaka 1986 mbio zenyewe zilipata msiba mkubwa pale helikopta ya Thierry Sabine ilipoanguka nchini Mali, akafa yeye na watu wanne aliokuwa nao, akiwemo mwimbaji Daniel Balavoine. Mbio hazikukoma. Mwaka 1987 de Rooy alishinda kitengo cha malori. Kwa dereva wa kawaida huo ungekuwa upeo wa maisha. Kombe limepatikana, jina limeandikwa, safari imekwisha. Yeye alirudi Eindhoven kuunda lori jingine.

Lori la mwaka 1988 lilikuwa ndilo hitimisho la mawazo yake yote. Lilikuwa na uzito wa takribani tani 10, na injini zake mbili kwa pamoja zilitoa nguvu za farasi zipatazo 1,200. DAF ilipeleka malori mawili ya aina hiyo. Moja liliendeshwa na de Rooy, la pili na mwenzake katika timu, Theo van de Rijsel. Tarehe 1 Januari 1988 zaidi ya vyombo 600 viliondoka Versailles, karibu na Paris. Miongoni mwa magari lililotazamiwa kushinda lilikuwa Peugeot 405 ya Ari Vatanen wa Ufini. Wakenya walimjua Vatanen vyema, kwani mwaka 1983 alikuwa ameshinda mbio za Safari katika barabara za nchi yao, na mwaka 1987 alikuwa ameshinda hizo za Paris-Dakar.

Filamu iliyopigwa kutoka angani mwaka huo ingali inatazamwa hadi leo. Peugeot ya Vatanen inakata jangwa, ikiacha mkia mrefu wa vumbi. Pembeni yake kunatokea mkia mwingine, mnene zaidi. Ndani ya vumbi hilo mna lori. Linakaribia, linalingana na gari, kisha, bila haya, linalipita. Kibanda kirefu kama nyumba kinalipita gari la mbio lililoundwa na wahandisi bingwa wa Ufaransa, likiendeshwa na bingwa wa dunia wa zamani. Mtazamaji asiyejua lolote kuhusu injini hucheka. Dereva wa lori hacheki. Yeye hunyamaza, kwa maana anajua ni malori mangapi yaliyosogea pembeni duniani kote ili dakika hiyo moja ipatikane. Ama kwa hakika, kama maisha ya de Rooy yangekuwa hadithi ya kubuni, mtunzi angekomea hapo.

Lakini maisha hayana mtunzi mwenye huruma hiyo. Njia ya mwaka ule ilipita katika jangwa la Ténéré, nchini Niger. Ténéré ina kisa chake ambacho kila dereva wa lori angefaa kukijua. Kwa miaka mingi palisimama hapo mti mmoja wa jamii ya migunga, uliopita misafara ya ngamia ikielekea Bilma. Hapakuwa na mti mwingine kwa zaidi ya kilomita 200. Kisima kilipochimbwa karibu yake, iligunduliwa kwamba mizizi yake iliyafuata maji zaidi ya mita 30 ardhini. Wasafiri waliuheshimu, hakuna aliyeukata kuni, hakuna ngamia aliyeachwa autafune. Mwaka 1973 dereva wa lori aliugonga akauangusha. Jangwa lote lilikuwa wazi mbele yake, kushoto kwake na kulia kwake, naye akaupata mti mmoja tu uliokuwepo. Gogo lake lilipelekwa katika makumbusho ya taifa mjini Niamey. Kisa hiki husimuliwa kama kichekesho, ila ndani yake mna onyo: uwazi hauondoi hatari, na nguvu isiyotazama mbele itakipata hata kitu kimoja kilichojificha katika upweke wake.

Katika hatua ya kwenda Agadez, tarehe 10 Januari 1988, lori la pili la DAF, lile la van de Rijsel, lilipoteza mwelekeo likiwa katika kasi kubwa, likabingirika mara kadhaa. Mwelekezi wake, Kees van Loevezijn, alirushwa nje ya kabini pamoja na kiti alichofungiwa, akafa. Wawili waliokuwa naye walijeruhiwa vibaya. Habari zilipomfikia de Rooy, alikuwa miongoni mwa washindani wa mbele, akiwa na chombo chenye nguvu kuliko lori lolote katika mbio hizo, na Dakar ikiwa bado mbele yake. Alijiondoa. Timu nzima ya DAF ilijiondoa. Lile lori lililompita Vatanen halikufika Dakar.

Ni rahisi kulipitia jambo hili haraka, kama tukio la huzuni lililokatiza ushindi. Lakini wakati ule wengi hawakusimama. Mbio za mwaka 1988 ziliua watu sita. Watatu walikuwa washiriki. Watatu walikuwa wenyeji: msichana wa miaka 10 nchini Mali, na mama na bintiye nchini Mauritania. Baada ya kila kifo, asubuhi iliyofuata injini ziliwashwa. Vatanen mwenyewe alitolewa mashindanoni kwa sababu nyingine kabisa: gari lake liliibwa mjini Bamako, likapatikana wakati saa yake ya kuondoka imekwisha kupita. Ushindi ukamwendea mwenzake Juha Kankkunen, ambaye naye Wakenya walimjua kwa ushindi wake wa Safari wa mwaka 1985. Magazeti ya Ulaya yaliandika sana kuhusu wizi wa gari hilo. Kuhusu yule msichana wa Mali yaliandika machache zaidi.

Swali hili haliwezi kuepukwa na mtu wa Afrika anayemkumbuka de Rooy kwa haki. Van Loevezijn alijua alichokiingia. Alijifunga mkanda kwa hiari yake. Msichana wa Mali hakujiandikisha katika mbio zozote. Mbio zilipita alipokuwa akiishi. Wanapopigana fahali wawili, ziumiazo ni nyika. Haitoshi kusema kwamba de Rooy hakumgonga mtu huyo, kwa maana kasi aliyoitukuza ndiyo iliyokuwa kivutio cha mashindano yote. Kila aliyeshangilia lori likilipita gari alishangilia pia jambo lililokuwa likipita karibu na nyumba za watu. Kumsifu marehemu bila kulisema hili kungekuwa kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Pamoja na hayo, uamuzi wake wa kusimama una uzito wake. Dereva wa mbio hufunzwa kutosimama. Dereva wa lori hufunzwa kinyume: kwamba kuna mzigo ambao ukianguka, safari haina maana tena, hata kama chombo kinakwenda. Siku ile Niger, katika kifua cha mtu mmoja, madereva hao wawili walivutana, na dereva wa lori akashinda. Mzigo ulikuwa umeanguka. Mwenzake hakufika mzima. Kwa kipimo cha kazi aliyokulia, hakukuwa na kitu kingine cha kupeleka Dakar. Watu wengi humkumbuka kwa dakika ile aliyompita Vatanen. Mwenye kutafakari atamkumbuka kwa saa ile aliyozima injini mbili kwa pamoja.

Athari zake zilikuwa kubwa. DAF iliachana na mbio hizo, na mwaka 1989 malori hayakuruhusiwa kushindana kabisa. Yaliporudi, hayakuwa tena majitu ya injini mbili. De Rooy alirejea katika kazi yake ya uchukuzi mjini Son. Malori yake yaliendelea kubeba mizigo katika barabara za Ulaya, yakisimama kwenye taa nyekundu kama malori mengine yote. Kwa miaka mingi jangwa lilimsikia kwa mbali.

Hata hivyo, damu nzito kuliko maji. Mapema katika miaka ya 2000 alirudi katika mbio za Dakar, akiwa mtu mzima anayekaribia miaka 60, na safari hii mwanawe Gerard naye alikuwa dereva. Wapo watakaosema kwamba kurudi huko kunabatilisha kusimama kwake. Huenda. Lakini kusimama si lazima kuwe kwa milele ili kuwe kwa kweli. Mfiwa hutoka matangani, hurudi shambani, na hakuna anayedai kwamba kilio chake kilikuwa cha uongo. Mbio zenyewe zilihama Afrika: zile za mwaka 2008 zilifutwa kwa sababu ya usalama nchini Mauritania, na kuanzia mwaka 2009 zikapelekwa Amerika ya Kusini, ingawa jina la Dakar halikuachwa. Huko ndiko Gerard de Rooy aliposhinda kitengo cha malori mwaka 2012, na tena mwaka 2016. Alishinda kwa lori lenye injini moja.

Pengine hicho ndicho kipimo cha mwisho cha maisha ya babake. Baba alitaka kuthibitisha kwamba lori halistahili kudharauliwa, akathibitisha kupita kiasi, na gharama yake ikalipwa na mwenzake. Mwana alishinda katika dunia ambayo haikuhitaji tena uthibitisho huo, kwa kuwa mbio za malori zilikuwa zimekwisha kupata heshima yake. Atanguliaye hukata miba kwa miguu yake. Wafuatao hukuta njia.

Jan de Rooy amepumzika mbali sana na Ténéré. Mahali pa ule mti pamesimamishwa mti wa chuma, ili msafiri ajue kwamba hapo palikuwa na kitu kilicho hai. Malori bado hupita huko, yamebeba chumvi, tende na watu juu ya turubai, na madereva wake hawana makombe. Usiku wakisimama kupumzika, huzima injini, hushuka, huzunguka lori lao mara moja wakipiga magurudumu kwa mguu na kuhesabu abiria wao. Wakiwapata wote ndipo huketi kunywa chai.